Hewa ya Sitini na Nane

Siku ya kumi na moja ya moshi, redio ilisema hewa ni sitini na nane, na mke wa mtunza bustani akafungua dirisha.

Alilifungua shingo upande. Kitambaa alichofutia meza kilikuwa kimegeuka cheusi, na uzi mweupe aliouacha juu ya cherehani bila kuufunika ulikuwa umeshika rangi ya panya. Nje, jua lilining'inia kama sarafu iliyoshika kutu, na nyumba za upande wa pili wa barabara zilionekana nusunusu. Lakini namba ni namba. Mtangazaji alikuwa ameirudia kwa ile sauti yake ya asali: jana alasiri kipimo kilikuwa sitini na nane, hewa ni ya wastani, shule ziko wazi, wananchi waendelee na shughuli zao.

"Wastani!" mke alisema, akilitupa lile tambara ndani ya beseni. "Natema makohozi meusi kama wino, wao wanasema wastani."

"Mama Chiriku, ile namba haiotwi." Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda akivaa mabuti. "Ni mashine inayopima. Iko bustanini kwangu, naiona kwa macho yangu kila siku. Mashine haina shangazi wala mjomba wa kumpendelea."

Mabuti yenyewe yalikuwa mapya, ya mpira, rangi ya kijani. Alipewa kazini wiki iliyopita, na katika miaka tisa ya kuitunza bustani ya ofisi ya manispaa kilikuwa kitu cha kwanza kupewa kikiwa bado ndani ya mfuko wake. Kila jioni aliyafuta mpaka yakang'aa.

Mtoto wao wa pekee, binti wa miaka tisa, alisimama ameegemea mlango, mkoba mgongoni. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga. Mwalimu alimhamisha dawati mara nne, na kila dawati alilohamia liligeuka kijiwe cha soga.

"Baba," alisema, akavuta pumzi. "Leo tuna." Akavuta tena. "Mashindano."

"Unamsikia?" mama aliuliza. "Mtoto anaongea kwa mafungu kama nyanya za gengeni."

"Mafua. Mtaa mzima una mafua."

"Mafua gani hayana kamasi?"

"Sikiliza, mke wangu. Sheria ipo. Kipimo kikivuka mia na hamsini, shule zinafungwa, viwanda vinawapumzisha watu kwa malipo, na zahanati zinatibu kifua bure. Hakijavuka. Unataka akae nyumbani awe nyuma ya wenzake kwa sababu ya harufu?"

Harufu. Moto ulikuwa umeanzia kwenye nyasi kavu za mlimani, ukateremka na upepo, ukala mitaa miwili, duka la rangi, ghala la magodoro, na mwisho ukaingia yadi ya matairi. Ndimi zake zilizimwa siku ya tatu. Lakini chini ya lundo la matairi moto uliendelea kutafuna polepole, na moshi wake ukalijaza bonde lote kama maji machafu yanavyojaza karai. Wakubwa walikuwa wamekubaliana kuuita harufu.

Chiriku akaenda shule. Mama yake alimsindikiza kwa macho mpaka mkoba mwekundu ulipomezwa na ukungu wa kijivu, na hilo halikuchukua hata hatua ishirini.

Ofisini hakuna aliyemwita mtunza bustani kwa jina lake. Aliitwa Mpira, kwa ajili ya mpira wa maji, na jina hilo alilipata kihalali. Wengine hushika mpira wakamwaga maji. Yeye aliubana mdomo wake kwa dole gumba, akalisogeza kidogo tu, na maji yakatoka kama manyunyu, membamba hata ua changa halitikisiki. Dole lake la kulia lilikuwa na sugu kama kisigino.

Siku ya nne ya moshi, Afisa Mazingira alimfuata bustanini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga nyasi zile.

"Mpira, nasikia wewe una mkono wa mvua."

"Najaribu, mheshimiwa."

Afisa alimwonyesha kisanduku cheupe kilichofungwa juu ya nguzo katikati ya matuta ya maua, chenye feni ndogo iliyolia kama nyuki. Kisanduku hicho, alieleza, huvuta hewa na kuipima. Kila siku saa tisa mpaka saa kumi alasiri namba yake inakwenda moja kwa moja redioni. Ni chombo cha bei kubwa, vumbi litakiharibu. Kwa hiyo kuanzia leo, saa nane na nusu mpaka saa kumi kamili, anyunyizie maji pande zote, hewani, bila kulenga kisanduku chenyewe. Manyunyu tu. Asikose hata siku moja.

Kesho yake yalikuja mabuti.

Mlinzi wa getini, mzee mwenye redio ndogo na ulimi mrefu, hakuacha jambo hilo lipite. "Mpira, nyasi za huku kwangu zimekufa tangu mwezi uliopita, hukuzipa hata kikombe. Lakini hilo jiti lako linaoga kila siku kama bwana harusi."

"Ni amri, mzee wangu. Kile ni chombo."

"Na mimi ni nini, sufuria?"

Wakacheka. Siku saba alikuwa ameliogesha lile jiti, na kila siku jioni namba ilipotajwa alihisi fahari kidogo, kama fundi anayesikia saa aliyoitengeneza ikigonga. Siku hiyo ya kumi na moja alikuwa akipalilia, hata saa nne haijafika, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Baba Chiriku, njoo umchukue mtoto. Njoo sasa hivi."

Alimkuta amelazwa kwenye benchi nje ya darasa, midomo imegeuka rangi ya majivu, mbavu zikipanda na kushuka kama za ndege aliyeshikwa mkononi. Alikuwa ameanguka kabla hajamaliza nusu ya uwanja. Mwalimu mkuu alimpepea kwa daftari, na huku akimpepea alijitetea bila kuulizwa: yeye hafungi shule kwa kutazama angani, anafunga kwa namba, na namba haijafika.

Baba alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Njiani alimsemesha ili tu amsikie akijibu.

"Nani alikuwa anaongoza?"

"Mimi," Chiriku alisema. Baada ya nyumba tatu akamalizia, "Baba."

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Watu waliketi wameinama, viganja magotini, kila mmoja akiishughulikia pumzi yake kama mzigo wa kubeba peke yake. Muuguzi alimwekea Chiriku kikombe cha plastiki puani, mvuke wa dawa ukaingia, na taratibu rangi ikaanza kurudi midomoni.

"Ule si moshi wa kuni," muuguzi alisema, akiandika. "Wa kuni wenyewe si mzuri, lakini huu ni wa matairi, rangi, godoro, nyaya, mabati ya asbesto yaliyoezekwa zamani. Una chembe ndogo kuliko unga. Haziishii kooni, zinashuka kwenye mapafu mpaka zinaingia kwenye damu. Wazima wanaugua. Watoto wenye kifua chepesi..." Hakumaliza. "Dirishani utalipia dawa ya kuvuta. Asiwe nayo mbali hata siku moja."

"Si mlisema kifua cha moshi ni bure? Andika moshi, dada yangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Muuguzi alimgeuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na orodha: mafua, pumu, mzio, mengineyo. "Neno moshi linatokea kipimo kikivuka mia na hamsini tu. Jana ilikuwa sitini na nane. Tangu asubuhi nimeandika mengineyo mara thelathini na nne. Mzee mmoja nimemwandikia mengineyo, na amefia pale, kwenye kile kitanda chenye shuka la bluu. Amekufa kwa mengineyo." Akakirudisha kioo. "Nenda ukalipe, kaka. Foleni ni ndefu."

Dirishani hakuwa na fedha ya kutosha. Mhasibu alimtazama mabuti, akamtazama usoni, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Mabuti mapya, dawa ya mtoto hakuna." Mtunza bustani akaacha simu yake rehani.

Aliporudi, mfagiaji alikuwa ameingia wodini na ufagio. Vumbi likatimka. Muuguzi akapiga kelele kutoka upande wa pili: "Dada! Nyunyiza maji kwanza! Unatuulia wagonjwa!" Mfagiaji alichukua kopo, akachovya vidole, akarusha maji hewani kulia na kushoto. Kwenye mwanga hafifu wa dirisha, mtunza bustani aliliona vumbi likicheza, kisha likizama, likitulia sakafuni. Hewa ikawa safi. Pale tu, kwa dakika ile tu, kwenye kile kipande cha mwanga.

Alitazama dole gumba lake.

Mke wake alifika akihema, tepu ya kupimia nguo bado shingoni. Alimkumbatia mtoto, akamhoji muuguzi, akarudi. "Twende nyumbani wote."

"Ninyi tangulieni," mume alisema. "Ninarudi kazini."

"Leo?"

"Saa tisa inakaribia."

Hakujua kama alikuwa anakwenda kuuliza au kumwagilia. Alijua tu kwamba hawezi kumtazama mkewe.

Alibisha mlango wa Afisa Mazingira, akaufungua.

"Funga mlango haraka," Afisa alisema. "Unaniingizia moshi."

Akaufunga. Ilimchukua muda kuelewa kilichokuwa tofauti mle ndani: kifua chake kilikuwa kimefunguka. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa utepe wa gundi kila upenyo, na pembeni mashine nyeupe ndefu ilinguruma taratibu, ikisafisha hewa ya mtu mmoja.

"Simama hapo hapo kwenye kitambaa, mabuti yana tope. Sema."

"Mheshimiwa, yale maji. Yanashusha vumbi la moshi. Kisanduku kinapima hewa niliyoiosha."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mpira, uliajiriwa kwa maua au kwa sayansi?"

"Kwa maua."

"Basi. Unajua tukitangaza mia tatu kinatokea nini? Viwanda vinafungwa. Maelfu wanalipwa kukaa nyumbani. Zahanati zinatibu bure. Nani analipa? Na wananchi wanaingiwa na hofu. Hofu inaua kuliko moshi."

"Mtoto wangu hana hofu, mheshimiwa. Hana pumzi."

Mashine nyeupe ikanguruma. Afisa akafungua droo, akatoa barakoa tano nene, zile zenye kofia ya kupumulia mbele. "Chukua. Hizi si zile za kitambaa. Ya dawa ya mtoto tutazungumza mwisho wa mwezi, mimi na wewe tu. Una kazi ya kudumu, Mpira. Wangapi mtaani kwenu wanayo?" Akatazama saa ukutani. "Saa nane na dakika ishirini na tano."

Inasikitisha kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alizichukua. Akashuka, akaufungua mpira, akaubana kwa dole gumba. Manyunyu yakapanda, membamba, mazuri, yakakizunguka kisanduku kama pazia. Alinyunyiza mpaka saa kumi kamili, na safari hii alikuwa anajua.

Sabini na moja, redio ilisema saa kumi na moja jioni. Hewa ya wastani.

Chiriku alikuwa amelala ameketi, amewekewa mito mitatu mgongoni. Mama yake alishona sare ya mtoto wa mtu mwingine, mguu ukikanyaga cherehani polepole ili asimwamshe. Mume aliweka barakoa mezani.

"Umezitoa wapi?"

Akamweleza yote: manyunyu, feni, saa tisa, ufagio wa zahanati, droo. Cherehani ilinyamaza kabla hajafika nusu.

"Kwa hiyo ni wewe," mkewe alisema.

"Nilikuwa sijui."

"Kila asubuhi nafungua dirisha kwa sababu yako. Nimemvisha mtoto mkoba, nikamtoa nje kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu yako."

"Nilikuwa sijui, mke wangu."

"Jana ulikuwa hujui. Na leo?"

Chiriku alikohoa usingizini, kikohozi kikavu, kama mtu anayepasua kuni mbali.

"Leo nilijua," alisema.

Hakumpigia kelele, angalau kelele angezijibu. Alizichukua zile barakoa, akazipanga moja moja kwenye meza ya kushonea. "Ya kwako. Yangu. Ya mtoto. Zimebaki mbili. Nimpe nani mtaa huu, na nimwambie nini? Shika, dada, mume wangu ndiye aliyekuchafua mapafu, amekuletea na kitambaa cha kujifutia?" Akainuka, akalifunga dirisha kwa kishindo, vumbi jeusi likadondoka kutoka kwenye fremu. "Wametukalia kifuani, na dole walilotumia ni lako. Mimi sina la kukushauri. Kesho saa kumi na moja nitawasha redio, nijue nimeolewa na nani."

Kesho yake, saa nane na nusu, alikunjua mpira kama kawaida. Afisa alikuwa kikaoni na wageni. Mtunza bustani aliuburuta mpira kupita matuta ya maua, kupita nguzo, mpaka getini, akaanza kuzimwagilia zile nyasi zilizokufa.

"Heh!" mlinzi alisema. "Leo umetukumbuka na sisi masufuria?"

"Nimechelewa, mzee wangu. Naona zimekufa kabisa."

"Mizizi haijafa. Mwaga."

Kisanduku kilisimama peke yake, kikavu, feni ikilia. Hakukipiga teke, hakukiwekea chochote, hakukigusa. Alikiacha kivute walichokuwa wakivuta wengine wote. Saa tisa ikaingia. Saa tisa na robo. Alifikiria simu iliyobaki rehani, kodi ya nyumba, sare zinazoshonwa moja moja. Akabana dole, akaendelea na nyasi.

Saa kumi kasoro dakika tano, Afisa alitoka mbio, tai begani, bila barakoa. Hatua ya tano tu kikohozi kikamkunja.

"Mpira! Maji!"

"Yapo, mheshimiwa. Namwagilia."

"Kule!"

"Kule kulilowa jana. Zinazokauka ni hizi."

Afisa alimpokonya mpira, akakimbia nao kwenye nguzo, akajaribu kubana mdomo wake kwa dole lake laini. Maji yalimrudia usoni, yakamlowesha shati, yakaanguka chini mapande mapande, yakachimba shimo kwenye tuta na kung'oa maua. Hakuna manyunyu. Alijaribu tena na tena, akikohoa na kutukana, huku wageni wake wakimtazama kutoka dirishani, mpaka king'ora cha saa kumi kikalia. Namba ilikuwa imeondoka.

"Vua mabuti," alisema, maji yakimtiririka kidevuni. "Ni mali ya ofisi. Na usirudi hapa."

Aliyavua palepale kwenye nyasi mbichi. Akayafuta kwa mazoea, kisha akayaweka pamoja, vidole vikielekea nguzo. Mlinzi alimpa ndala zake za akiba, moja ya bluu na moja ya nyekundu, akamvutia kiti.

"Kaa. Lazima tusikie."

Saa kumi na moja ile sauti ya asali ilianza vizuri. Kipimo cha alasiri ya leo, ilisema, ni. Ikanyamaza. Karatasi zikasikika zikigeuzwa. Ni mia tatu na arobaini. Ikarudia, asali imekwisha yote, sauti ya mtu wa kawaida mwenye watoto nyumbani: mia tatu, na arobaini. Hewa ni ya hatari. Fungeni madirisha. Shule zote kesho zimefungwa.

Mlinzi alifunga kidirisha cha kibanda chake kwanza, ndipo akasema, "Kesho wataleta mwingine wa kushika mpira."

"Watamleta."

"Na jioni watasema sitini na nane."

"Waseme," alisema mtunza bustani, akisimama. "Nani atafungua dirisha?"

Alikwenda nyumbani kwa miguu, ndala zikipiga visigino. Mtaa ulikuwa umeanza kusikia. Dirisha moja lilifungwa kulia, mawili kushoto, kisha mtaa mzima, pa, pa, pa, mbele yake na nyuma yake. Mama mmoja alitoka mbio akawakusanya watoto waliokuwa wakicheza, wake na wa jirani. Kijana wa duka alikuwa akigawa maboksi ya kuzibia nyufa. Watu waliitana kutoka ndani, mia tatu na arobaini, mia tatu na arobaini, na sauti zao zilikuwa na hasira, hasira ya watu waliokohoa siku kumi na mbili huku wakiambiwa si kitu. Zahanati sasa muuguzi angekuwa na neno lake, moshi. Yule mzee wa shuka la bluu hangelipata, na mtunza bustani alijua hilo litaishi naye.

Mlango wake ulikuwa umefungwa, tambara bichi limesokotwa chini ya kizingiti. Alisimama mbele yake kama mgeni. Akabisha.

"Nani?" mkewe aliuliza.

"Mimi."

Alisikia redio ikizimwa. Alisikia Chiriku akiuliza kitu, akapumzika, akauliza tena. Kisha tambara likavutwa, na mlango ukafunguka upenyo wa kumtosha mtu mmoja.

"Ingia haraka," mkewe alisema, akimshika mkono. "Unatuingizia moshi."